Umepewa programu kubwa Pemba na nafasi moja ya mafunzo, usomee wapi?

SUALI: Asalaam alaykum. Mimi ni afisa mipango kwenye ofisi ya Afisa Mdhamini, yule anayeisimamia wizara upande wa Pemba, wa wizara moja hapa Chake Chake. Nna shahada ya pili na nna cheti cha mwanzo cha usimamizi wa miradi cha PRINCE2. Mwezi ulopita nimeambiwa mimi ndo nitakuwa mratibu wa upande wa Pemba wa programu ya miaka mitano, fedha za mkopo, ndani yake mna skuli, mna maji na mna barabara za vijijini, wilaya zote nne. Kwenye bajeti kuna nafasi moja tu ya mafunzo ya juu ya usimamizi wa programu kwa ajili yangu. Wenzangu wananambia niende kozi ya wiki mbili Dubai, mwengine anasema nifanye cheti cha PMP, na mmoja kanambia kama nna ubavu niombe Oxford. Ipi yenye maana kweli, au zote ni vyeti tu vya kutundika ukutani?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu, na hongera, mana jukumu kama hilo halitupwi kwa mtu yeyote tu.

Nikujibu kabla sijaanza kueleza. Dubai usende. Oxford si mwaka huu. Ukiwa na nafasi moja tu itafute kozi inayokuchukua miezi, unasoma siku chache unarudi kazini unafanya, kisha unarudi darasani na ulichokifanya, na ile kazi inayosahihishwa ni programu yako mwenyewe, sio mfano wa kitabuni. Nyengine zote, hata ziwe na jina kubwa vipi, ziweke nyuma ya hiyo. Sasa nikwambie kwa nini, mana bosi wako atakuuliza na lazima uwe na la kusema.

Kwanza tukubaliane umepewa nini. PRINCE2 uloisoma wewe inafundisha mradi, na mradi una mwanzo na mwisho na una kitu cha kukabidhi. Wewe umepewa programu. Tazama zile hospitali 10 za wilaya na ile ya mkoa ya Lumumba, ambazo fedha yake ilitoka kwenye mkopo wa IMF wa 2021 wa kujikwamua na Uviko, Zanzibar tulipata kama shilingi bilioni 230. Kujenga hospitali moja moja ule ni mradi, mkandarasi akimaliza anatoa funguo anaondoka. Lakini mama mjamzito wa Micheweni hafaidiki na jengo, anafaidika siku anapofika saa nane za usiku akamkuta daktari yupo, umeme upo, maji yapo, damu ipo, na kila kimoja katika hivyo kiko kwenye fungu lake la bajeti, pengine kwenye wizara nyengine kabisa, na ratiba yake haina habari na ratiba ya mkandarasi. Kuhakikisha vyote hivyo vinafika pamoja, hiyo ndo kazi ulopewa, na PRINCE2 haikukufundisha hiyo na wala haikusema itakufundisha.

Mfano wetu mzuri kuliko wote ni programu ya malaria, tunausahau kwa sababu hauna jengo la kupigia picha. Vyandarua, upuliziaji dawa majumbani, dawa mseto, na kumfuatilia mgonjwa mmoja mmoja mpaka nyumbani kwake wapimwe na anaoishi nao. Mambo manne yanayotaka watu tofauti na fedha kutoka milango tofauti, na yote yakaendeshwa pamoja miaka na miaka mpaka maambukizi yakashuka chini ya asilimia 1. Hakuna siku ilokatwa utepe ikasemwa kazi imekwisha, na ukilegeza hata kimoja ugonjwa unanyanyuka tena. Ukitaka kumwelewesha mtu programu ni kitu gani, mwambie hiyo.

Sasa haya mafunzo ya juu yenyewe yametoka wapi. Nchi iloyaanzisha kwa makusudi khasa ni Uingereza, na waliyaanzisha baada ya kuumia. Jengo la Bunge la Scotland mwanzo lilitajwa kuwa litagharimu kati ya paundi milioni 10 na 40, lilipofunguliwa 2004 lilikuwa lishakula milioni 414. Mfumo wa kompyuta wa hospitali zao za umma walouanzisha 2002, mwaka 2011 serikali ikatangaza inauvunja, na mabilioni ya paundi yashakwenda. Na wale si watu wasiojua kuandika mpango kazi au kuchora ratiba! Ratiba zilikuwepo, vyeti vilikuwepo, washauri elekezi wa bei mbaya walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja anayeielewa programu nzima, mwenye nguvu ya kusema hapana, na anayekaa nayo muda wa kutosha mpaka ajue inamuuma wapi.

Wakaunda chombo cha kusimamia miradi mikubwa 2011, na mwaka ulofuata wakafungua chuo cha viongozi wa miradi mikubwa pamoja na skuli ya biashara ya Saïd ya Chuo Kikuu cha Oxford na kampuni ya Deloitte. Utaratibu wake ndo ninaotaka uushike. Haingii mtu anayetafuta kazi, anaingia mtu ambaye programu iko mikononi mwake sasa hivi. Anakwenda darasani, anarudi kazini, anakwenda tena, na mwisho anapimwa, haitoshi kuhudhuria. Na kinachosomwa hapo sana ni uongozi, kuanzia kujiongoza mwenyewe, na mambo ya mikataba na biashara, yaani mkandarasi anafikiri nini anapokuandikia ile barua yake ya heshima nyingi. Halafu 2014 wakaongeza jambo ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko chuo chenyewe, yule mwenye dhamana ya programu akawa anaitwa kujibu mwenyewe mbele ya kamati ya Bunge kuhusu programu yake. Fikiria ungekuwa unajua kwamba Kamati ya Hesabu za Serikali ya Baraza la Wawakilishi itakuuliza wewe kwa jina, ungesoma kwa bidii gani. Marekani nao Disemba 2016 walipitisha sheria inayotaka wizara kubwa ziwe na afisa maalum wa kuinua usimamizi wa programu. Kwa hivyo hapo Chake hujajitungia tatizo, ni tatizo ambalo serikali zenye uzoefu mkubwa zimelikiri kwa kuliwekea sheria.

Sasa kuna mambo matatu ambayo kozi ikikufundisha vizuri fedha yako haikupotea, na isipokufundisha hata iwe Oxford haina faida kwako.

La mwanzo ni makadirio. Bent Flyvbjerg, mtu wa Denmark, ndo alokuwa profesa wa mwanzo wa somo hili la programu kubwa pale Oxford. Mwaka 2002 yeye na wenzake walitoa utafiti wa miradi 258 ya usafiri kutoka nchi 20, wakakuta reli zimezidi makadirio kwa wastani wa asilimia 45, madaraja na mahandaki asilimia 34, barabara asilimia 20, na karibu miradi tisa katika kila kumi ilizidi gharama. Kilichonigusa mimi zaidi si hizo asilimia, ni kwamba walipoangalia miaka 70 kurudi nyuma hawakuona makadirio yakiwa bora kadri miaka inavyokwenda, kila kizazi kinarudia yale yale. Anasema sababu ni mbili, kuna mtu anaipenda kazi yake mpaka anaiona nyepesi, na kuna mtu anaujua ukweli lakini anajua akiusema fedha haitatoka. Dawa yake ni kwamba usianze kukadiria kwa kuitazama kazi yako, anza kwa kutazama kazi zinazofanana nayo zilizokwisha zilimalizika kwa bei gani na kwa muda gani, ndo uje kwako. Hazina ya Uingereza tokea 2003 wanalazimisha makadirio yaongezwe kwa sababu hiyo hiyo.

Na hili dada yangu huhitaji kozi kulianza, lianze wiki ijayo. Pita kwenye ofisi za Maafisa Wadhamini wengine, elimu, maji, ujenzi, afya, omba takwimu za kila skuli, kila kisima, kila barabara ilokwisha Pemba miaka ya karibuni. Makadirio ya mwanzo, bei ya mwisho, tarehe ya kumaliza ilokuwa kwenye mkataba na tarehe ilokwisha kweli. Usichanganye na za Unguja, khasa kwa bei, mana saruji na nondo zinazoshuka Mkoani au Wete zishabeba gharama ya bahari, na mashine ikiharibika spea inasubiri meli. Kisha angalia miezi. Masika ya Machi mpaka Mei barabara ya udongo haifanyiki, hilo kila mtu analijua na bado utalikuta kwenye ratiba iloandikwa na mshauri elekezi ambaye hajawahi kulala Pemba. Na karafuu! Msimu ukiwa mzuri vibarua wote wako mashambani, na mkandarasi atakulalamikia hapati watu. Ratiba ya ujenzi Pemba isiyotaja msimu wa karafuu imeandikwa kwa ajili ya kisiwa chengine.

La pili ni vihatarishi. Najua hapo ofisini mna ile jedwali la vihatarishi, kila kimoja "wastani", inajazwa mara moja kwa mwaka inarudishwa kabatini. Nakuomba ukumbuke mwaka 2008 Unguja ilipokaa kama mwezi mzima bila umeme, halafu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tena, miezi mitatu. Tulikuwa tunategemea waya mmoja wa baharini wa zamani. Haikuwa siri kwa mtu yeyote kwamba ni mmoja na kwamba umechoka. Kujua kihatarishi na kukifanyia kazi ni mambo mawili tofauti, na umbali baina yake ndo mahoteli, vinu, visima vya maji na mafriji ya chanjo vilikokaa kiza. Ulipokuja ule waya mpya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni, upande wa Dar es Salaam, mpaka Fumba, Unguja, 2013, ulikuja kwenye mpango wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, uloanza Septemba 2008 na uloandikwa miaka mitano basi, kisichokwisha ndani ya miaka mitano fedha yake hamuioni. Tarehe isiyosogea iliwafanya watu waamue mambo ambayo kwa kawaida yetu yangezunguka miezi. Pemba nyinyi mshapata waya wenu kutoka Tanga 2010 kwa msaada wa Norway, na kabla ya hapo mlikuwa kwenye majenereta, huna haja ya kuhadithiwa na mimi maana ya huduma kutegemea mafuta yanayokuja na meli.

La tatu, na hapa nitakaa kidogo mana ndo litakalokuchosha kuliko yote, ni nani anaamua nini. Wewe uko Chake. Afisa Mdhamini ni mkubwa wako wa kila siku. Meneja wa programu yuko Unguja. Katibu Mkuu yuko Unguja. Idara ya Mipango, Sera na Utafiti iko Unguja. Kitengo cha ununuzi kiko Unguja, na ridhaa ya benki inayokopesha inatoka Dar es Salaam au mbali zaidi. Mkandarasi wako anasimama Konde anasema nimekuta mwamba, nifanye nini, na jibu lazima lizunguke kote huko. Kama hamjaandikiana, kila mmoja katika mnyororo ule ataongeza siku zake, hakuna mbaya, kila mmoja anafanya uangalifu, na mwisho wa mwezi kazi imesimama na hakuna alokosea.

Na kusimama kuna bei yake. Mikataba mingi ya ujenzi ya fedha za mikopo inafuata vitabu vya FIDIC, yaani mikataba ya mfano ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Kwenye kile kitabu chao chekundu cha 1999 mkandarasi akiona ana haki ya kuongezewa muda au fedha anatakiwa atoe taarifa ndani ya siku 28, na mhandisi anatakiwa ajibu dai ndani ya siku 42 tokea kulipokea. Na ukichelewa kumkabidhi eneo la kazi, hiyo peke yake inampa haki ya kudai. Sasa unganisha na hali yetu. Ardhi Zanzibar ni ya serikali lakini mti una mwenyewe, na mkarafuu wa Pemba ni urithi wa watu kumi na tano walotawanyika Wete, Unguja, Tanga na Muscat. Tathmini ya fidia haikukamilika, sheha kaletewa malalamiko, eneo halikabidhiki, mkandarasi kishapeleka barua yake ndani ya siku 28 kimya kimya wakati nyinyi mnafikiri mnamfanyia subira. Nimeona zaidi ya mara moja fedha ya kipande kizima cha kazi ikaliwa na madai ya namna hii, na haikuwa wizi, ilikuwa ni barua zisizojibiwa. Kwa hivyo kozi yoyote ya "juu" ambayo haina siku ya kutosha ya kusoma mikataba na madai, kwa mtu wa nafasi yako, si ya juu.

Fanya hivi hata kabla ya kusoma. Andika karatasi moja, moja tu, juu yake mambo yanayotokea sana, kubadilisha eneo, kuongeza kazi, kulipa hati ya malipo ya mkandarasi, kusimamisha kazi, malalamiko ya wananchi, na mbele ya kila jambo nani anaamua, kiwango gani cha fedha anaweza kuamua bila ya kuuliza, na siku ngapi anazo. Mpelekee meneja wa programu, aipeleke kamati ya uongozi, Katibu Mkuu aisaini. Utapambana nayo mana watu hawapendi kuandikiwa siku. Lakini ukiwa nayo saini iko juu, hata simu zako zitapokelewa tofauti.

Niseme kidogo kuhusu Matokeo Makubwa Sasa, ule mpango wa kusukuma utekelezaji wa vipaumbele vya serikali, kwa sababu utaambiwa somo hili tushalifanya. Tanzania Bara walilianza 2013 kwa kuiga PEMANDU, kitengo cha serikali ya Malaysia cha kusukuma utekelezaji, na Malaysia wenyewe walikuwa wameangalia kile kitengo cha kufuatilia utekelezaji cha Waziri Mkuu wa Uingereza kilichoanzishwa 2001. Wataalamu wa sekta wakafungiwa kwenye vikao walivyoviita maabara kwa wiki kadhaa mpaka watoke na mpango wenye tarehe na jina la mtu mbele ya kila kazi, na viashiria vikatazamwa kutoka juu kabisa. Ile nidhamu ya namba na majina ni nzuri na mimi ningeichukua yote. Kilichoponza, kwa nnavyoona mimi, ni kwamba ujuzi ulikaa kwenye chombo cha pembeni na nguvu zake zilitoka kwa mkubwa mmoja, kwa hivyo upepo ulipobadilika chombo kilipoondoka ujuzi nao ukaondoka, wizara zikabaki na mafaili. Ndo mana nasisitiza mafunzo yaje kwa anayebeba kazi, na ikiwezekana mkubwa wake akae darasa lile lile japo siku mbili. Afisa alosoma peke yake anarudi na maneno ambayo ofisi nzima hawayajui, baada ya miezi mitatu anayaacha.

Haya, tuje kwenye hizo kozi zenyewe.

Dubai. Sisemi kwamba kila mwalimu kule ni mbaya. Nasema muundo wa wiki mbili, darasa lina mtu wa benki, mtu wa mafuta na wewe, mada kumi na mbili, hakuna mtihani, cheti cha kuhudhuria, huo hauwezi kukubadilisha, ni sawa na kumfundisha mtu kuvua akiwa amekaa barazani. Gharama kubwa humo ni tiketi na posho, na fedha ile ile ingemleta mwalimu mzuri Chake akakufundisheni watu ishirini na programu yenu mezani.

PMP ni cheti chenye heshima, cha PMI, taasisi ya usimamizi wa miradi ya Marekani. Mwenye shahada anatakiwa awe na miezi 36 ya kuongoza miradi na saa 35 za masomo, kisha mtihani wa maswali 180. Utakupa nidhamu na lugha ya kuzungumza na wakandarasi na washauri. Lakini bado ni mradi. Cha programu ni ndugu yake, PgMP, na hicho kinataka uzoefu wa miaka ya programu ambao wewe ndo kwanza unaanza kuukusanya, kwa hivyo kiweke kwenye mwaka wa nne. Kwa kuwa ushaanza na PRINCE2, hatua inayofuata kwa ukoo ule ule ni MSP, ambayo ni ya programu khasa, inazungumzia faida zitakazopatikana na nani atazipokea, na unaweza kuisoma mtandaoni jioni bila kutumia nafasi yako ya bajeti. Kuna na PM², mfumo wa kuendesha miradi wa Kamisheni ya Ulaya, vitabu vyake ni bure kabisa, shusha usome, fomu zake ni nyepesi kuliko zote nilozitumia na unaweza kuzigeuza Kiswahili ukawapa masheha wakazijaza.

Oxford wana shahada ya pili ya usimamizi wa programu kubwa, ya miaka miwili, unasoma huku unafanya kazi, unakwenda kule kwa vipindi. Ni nzuri na bei yake inatisha. Na sikiliza hapa mana wengi wanapoteza mwaka mzima, Chevening, ule ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, inalipia shahada ya mwaka mmoja ya muda wote, hii ya kwenda na kurudi hailipii. Kama utataka Chevening baadae, tafuta chuo chenye kozi ya muda wote, na ujue wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa kama miaka miwili na urudi nyumbani miaka miwili. Uzoefu unao. Lakini programu yako ukiiacha mwaka wa mwanzo mzima ukenda kusoma, ukirudi utakuta ya mtu mwengine.

Vilivyo karibu. ESAMI ya Arusha ni chuo cha nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kipo tokea 1980, wana kozi za miradi na ununuzi, na utakaa na mtu wa Malawi au Uganda aliyeshika mkopo wa benki ile ile kama wewe, hiyo peke yake ina thamani. Taasisi ya Uongozi ya Dar es Salaam ina stashahada ya uzamili ya uongozi pamoja na Chuo Kikuu cha Aalto cha Finland, na muundo wake unakaribia ule nilokusifia, darasani kisha kazini. Hii ndo ningeiulizia mwanzo. Na usiidharau Tunguu. Chuo cha Utawala wa Umma, IPA, kipo kwa ajili yenu watumishi, na SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, ipo jirani yake. Wakiombwa na wizara wanaweza kuandaa kozi ya vipindi kwa ajili ya timu nzima ya programu, mwalimu wa mikataba akatoka nje kwa siku tano, wa fedha akatoka Hazina, na zile kanuni za ununuzi za Zanzibar zikasomeshwa na wanaozitumia. Nashangaa wizara hazifanyi hivi mara nyingi, mana bei yake inashindana na tiketi mbili za nje.

Za ufadhili wa serikali kwa serikali, ITEC ya India, JICA ya Japani, KOICA ya Korea, hizo haziingii kwenye nafasi yako ya bajeti kwa hivyo ziombe tu kila zinapotangazwa, kwa kupitia uteuzi wa serikali. Ulizia kwa anayeshughulikia mafunzo kwenye utumishi wa wizara, na umuombe akutumie tangazo siku linapofika Unguja, mana mengi yanafika Pemba muda wa kuomba ushapita.

Na kuna ya bure ambayo mimi ningeifanya kabla ya yote. Harvard wana kitu wanakiita PDIA, kitabu cha mazoezi kipo mtandaoni bure, kimeandikwa kwa ajili ya timu za serikali. Unachukua tatizo moja ambalo watu wenu wenyewe wanaliona, unalichambua sababu zake, unajaribu jambo dogo, unarudi baada ya wiki mbili kuangalia limefanya kazi au halikufanya, unarekebisha. Kwa mfano "kwa nini malipo ya hati ya mkandarasi Pemba yanachelewa" fuatilia hati moja mkono kwa mkono mpaka benki. Timu ya watu watano, jioni moja kwa wiki. Benki ya Dunia nao wana masomo ya bure mtandaoni ya ununuzi na usimamizi wa mikataba, na kama mkopo wenu ni wao soma ule mfumo wao wa mazingira na jamii uloanza kutumika Oktoba 2018, mana fidia na malalamiko yote utaulizwa kwa vifungu vile.

Unapowaandikia vyuo waulize haya. Kazi ya kusahihishwa ni programu yangu au ya mfano? Kozi inakwenda miezi mingapi na nitarudi darasani mara ngapi? Waalimu ni akina nani, na wangapi kati yao wamewahi kubeba programu ya serikali yenye mkopo? Mikataba na madai imepewa siku ngapi? Mkubwa wangu anaweza kuhudhuria sehemu? Chuo kinachokujibu kwa kukutumia brosha tena, kiache.

Andiko la kwa bosi lisizidi kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza usitaje chuo hata kimoja, eleza maamuzi yaliyokwama na makadirio ya Pemba ulokusanya kwenye zile ofisi, ukurasa wa pili ndo useme kozi gani itakusaidia kwenye lipi, na uahidi ukirudi utafundisha wenzako wa wilaya nne ndani ya mwezi. Lipeleke mapema kabla wizara haijafunga mapendekezo yake ya bajeti, na nakala kwa Afisa Mdhamini asije akalisikia kwa watu. Ukishapata majibu ya vyuo niandikie tena, na unambie mkataba wenu wa ujenzi unafuata kitabu gani na cha mwaka gani, mana siku za kujibu madai zinatofautiana, nikuoneshe vifungu vya kuanza navyo.